Glasi Tatu za Wiski ya Bei Nafuu

Siku yangu ya kwanza kwenye ghala la pombe huko Hounslow, London, nilikabidhiwa aproni na sinki. Kazi ilikuwa kuosha glasi za waonjaji. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne kutoka Moshi, basi. Mkicheka kwamba mama wa miaka thelathini na moja anaandika kumbukumbu za kazi kama mstaafu, chekeni. Nimestaafishwa, na sijapoa.

Ghala lilikuwa na wiski yake moja ya mchanganyiko, ile ya rafu ya chini. Mchanganyaji Mkuu, mzee wa Kiskoti, alinieleza ilikotoka. Zamani wenye maduka ya vyakula kwao walinunua wiski kwa mapipa. Leo pipa tamu, kesho pipa linachoma koo. Wakaanza kuyachanganya, kama walivyochanganya majani ya chai, ili mteja akirudi akute ladha ileile. Sehemu kubwa ya chupa ni wiski ya nafaka, ngano au mahindi, laini na rahisi kutengeneza. Kidogo ni ya kimea cha shayiri, iliyopikwa kwenye mitungi ya shaba, na hiyo ndiyo inayobeba harufu. Zote hulala kwenye mapipa ya mwaloni si chini ya miaka mitatu.

Kilichonishtua ni rangi. Mimi nilidhani ule ukahawia ni uzee. Kumbe wanaweza kutia sukari iliyounguzwa, ili kila chupa ifanane na mwenzake. Ndiyo maana pale tulionjea kwenye glasi za buluu: jicho lisiidanganye pua.

Siku moja nikiwa naosha nikamwambia mzee kwamba wiski ya leo imepungukiwa harufu ya karanga. Akaenda kukagua. Kweli, pipa moja lilikuwa limekosewa. Akaniuliza nani kanifundisha. Nikamwambia mama yangu anauza kashata, nimekua nanusa sufuria.

Tangu hapo nikakaa pembeni yake. Unanusa, unatia maji kidogo, unasubiri, unazungusha mdomoni, unatema. Nilipopata mimba nikawa nanusa tu. Alipotaka maneno ya lebo ya nyuma nikampa: tofaa bichi mwanzoni, halafu kashata ya karanga, mwishoni moshi mwembamba kama wa jiko lililozimwa. Aliandika yote.

"Ukirudi kutoka likizo ya uzazi," akasema, "kiti cha mwonjaji ni chako."

Nilirudi mwanangu Neema akiwa na miezi minane. Meneja wa Ubora, bosi mpya, akasema pua ya mwanamke hubadilika akishazaa, kwa hiyo nifanye jaribio la glasi tatu. Mbili huwa sawa, moja tofauti. Unaweka tiki kwenye ile tofauti. Siku hiyo glasi hazikuwa za buluu. Zilikuwa za kioo cheupe, na wiski ya glasi ya tatu ilikuwa nyeusi kama chai ya rangi. Aliyemimina ni Mchanganyaji Mkuu mwenyewe.

Nikafumba macho. Nikanusa, nikatia maji, nikatema. Nikarudia.

"Zote ni moja," nikasema. "Hii mmeiongezea rangi tu."

"Fomu inataka namba moja," akasema Meneja.

"Siweki tiki kwenye uongo."

"Basi umekosea."

Nikamtazama mzee. Alikuwa anafuta miwani. Alifuta muda mrefu sana, miwani safi kabisa, na Meneja akaandika jina la mtu mwingine kwa kile kiti cha mwonjaji mbele ya macho yangu.

Mzee akanifuata kwenye korido. "Umepatia," akaninong'oneza.

"Rudi ukaseme mle ndani."

"Nimebakiza miezi minne nistaafu, binti."

Hapo ndipo niliposhtuka hasa. Meneja sikumtegemea kwa lolote. Huyu alinifundisha kutoamini rangi, halafu akaipaka kwa mkono wake. Nikamwachia aproni mkononi, nikaenda kumchukua mtoto.

Wadogo zangu mnaoajiriwa London, mkiahidiwa kiti, ombeni kwa maandishi. Na mkiinunua wiski ile, igeuzeni chupa. Lebo ya nyuma bado inasema tofaa bichi, kashata ya karanga, moshi wa jiko lililozimwa. Neno kashata limebaki vilevile, hakuna aliyejua kulitafsiri. Chini yake kuna sahihi ya Mchanganyaji Mkuu, ambaye maishani mwake hajawahi kuonja kashata.