Ini la Mtu Asiyekunywa

Mwanangu, ipo siku ambayo mpaka leo sijaisahau. Baba yako alirudi kutoka hospitali moja ya binafsi pale mjini, wakati huo ndiyo zimeanza kufunguliwa, akaingia ndani bila kusalimia mtu. Nikamuuliza, "Wamesema nini, Baba Neema?"

"Yule daktari ameniita mlevi!"

Mlevi! Baba yako, mzee wa kanisa, mtu ambaye hata kwenye harusi za kwao Machame mbege, ile pombe ya ndizi, ikizungushwa aliipitisha tu kwa jirani. Alikwenda kupimwa kwa sababu ya uchovu usioisha. Damu ikaonyesha vimeng'enya vya ini viko juu, yaani vile vitu ambavyo ini likiumia huvujia kwa wingi kwenye damu. Daktari akamuuliza huwa anakunywa kiasi gani. Basi, mzee akachukua kofia yake akatoka, hakusubiri neno la pili.

"Usimwambie mtu," akanionya. Kwetu wakati ule ugonjwa wa ini ulikuwa na maana moja tu, pombe. Washarika wangesikia, angepita wapi?

Nami nikaogopa, nikaanza kumchunguza. Tulikuwa na duka la spea za magari mtaa wa Sakina, barabara ya Nairobi. Biashara ilikuwa imeachiwa huru nchini, mali zinaingia kutoka kila upande, na baba yako mambo yalikuwa yamemnyookea. Baiskeli aliiacha, akanunua pikapu. Kutwa yuko kwenye kiti nyuma ya kaunta na soda mkononi, jioni nyama choma na wateja. Tumbo likaja mbele, nasi tukamsifu kwamba amependeza! Mimi nikawa nanusa koti lake, napekua nyuma ya maboksi ya shokapu aliyoyaweka nyumbani nikitafuta chupa.

Bibi yako, mama yake baba yako, alikuwa amekuja kututembelea. Akanikuta nimeinama pale.

"Unatafuta nini, Mama Neema?"

Nikaona aibu, nikamweleza yote. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu hanywi. Wewe unahangaika na chupa, mwenyewe humwangalii. Umemwona leo akifunga kamba za viatu? Alihema kama kabeba gunia. Utakuja kupata maiti, mama, hiyo chupa hujaipata bado."

Maneno yale yalinikata maini. Kuhema kule nilikuwa nakusikia kila siku, nikidhani ni unene wa kawaida tu.

Baba yako aliporudi kula mchana, bibi akamkabili mbele yangu. "Afadhali wakuseme vibaya ukiwa unawasikia, kuliko wakusifu umelala kwenye jeneza. Kesho tunarudi kwa yule daktari, na mimi nakuja."

Tulikwenda wote. Daktari alikuwa kijana mpole. Akampa bibi shikamoo, kisha akamgeukia baba yako. "Mzee, kukuuliza habari za pombe ni kazi yangu, sikukutukana. Ila kama hunywi, mimi naogopa zaidi."

"Kwa nini?" bibi akadakia.

"Ini linaweza kujaa mafuta bila pombe, mama. Na likiwa hivyo, mara nyingi presha, sukari na mafuta kwenye damu navyo viko juu. Hivyo ndivyo vinavyoumaliza moyo kimya kimya."

Akampima presha. Akapima tena. Nilishika benchi kwa mikono miwili nikijua naambiwa nimefiwa.

"Iko juu sana," daktari akasema. "Lakini umekuja ukitembea kwa miguu yako. Tuanze leo."

Akaanza dawa. Soda ikaisha, pikapu ikabaki ya mizigo, akawa anatembea kwenda mjini na kurudi. Mimi hofu haikuniisha. Akichelewa kidogo tu, nilisikiliza kila mlango wa gari uliofungwa barabarani, nikidhani wameniletea habari mbaya. Lakini alikaa nasi miaka mingi, akamlea dada yako Neema, nawe akakulea mpaka ukaoa.

Sasa juzi umeniambia ini lako nalo limesoma juu, ukacheka: "Mama, mimi sinywi, mashine imekosea." Nilicheka na wewe kwa mdomo tu. Usiku huu usingizi hauji.

Sikiliza basi. Kipimo hicho si hukumu, wala si kila mwenye nacho ataugua moyo. Ini huumizwa na mengi, hata dawa na mitishamba, kwa hiyo mwambie daktari kila unachomeza. Kisha usiondoke bila kumuuliza habari za moyo: presha, sukari, mafuta. Tembea. Punguza hayo manyama na masoda. Na kijana wako akikuuliza unaumwa nini, mwambie, maana na yeye ni damu ya baba yako.

Mungu akulinde, mwanangu, akupe pumzi ya kutosha na uzee wenye wajukuu magotini. Mimi nimeshazika mume. Mtoto sitaweza.