Nanga ya Baba Yake Bata

Mji mzima unamwita Bata, na yeye anaitika, maana tangu apate akili yuko majini. Kazi yake ni kushusha wageni kwenye meli zilizozama. Pwani ile ya kaskazini ni kaburi la vyuma: miamba imetoboa meli tangu enzi za matanga, na maji yake ni baridi ya kung'oa meno. Bata anazijua zote kama anavyozijua sufuria za jikoni kwake. Zote, isipokuwa moja.

Hiyo moja ndiyo iliyomla baba yake. Meli ya makaa, yeye akiwa mtu wa nanga. Nahodha aliokoka, akajikausha, akasema: mtu wa nanga alilewa, hakuishusha, ndiyo maana tukapanda mwamba. Maiti haina mdomo. Mama yake Bata aliishi na neno hilo mpaka likamzika, na mjane wa nahodha, yule mwenye duka la mikate, bado analiuza pamoja na mikate. "Damu ya walevi hiyo," huwaambia wateja Bata akipita, nao hucheka. Mtu hamnunii anayemkatia mkate.

Basi dhoruba ya juzi ikahamisha mchanga, wavu wa mvuvi mmoja ukanasa kwenye chuma mahali ambapo hakuna meli inayojulikana, na Bata hakupata usingizi. Kulipokucha alikuwa kwenye boti na mumewe.

"Sikiliza, mume wangu. Mnyororo ukiwa umelundikana chini ya pua ya meli, basi nanga ilianguka na meli, na mimi ni mtoto wa mlevi. Ukiwa umenyooka kwenda mbali, baba aliishusha kabla hawajagonga, na aliyechelewa ni aliyetoa amri."

"Wimbo huo nimeshaukariri. Kamba je?"

"Moja, nipo. Mbili, legeza. Tatu, nivute. Unanifundisha kazi yangu?"

"Nakukumbusha. Wewe ukifurahi huna hesabu."

Akazama. Maji yakawa kijani, halafu giza, halafu tochi ikapiga ubavu mkubwa kama nyumba iliyolala kifudifudi. Akapapasa hadi puani, kwenye tundu la nanga. Mnyororo umetoka! Akaufuata kwa mkono, pingili kwa pingili, nao haukulundikana, unakwenda tu, unakwenda. Kamba ikamkaza kiunoni. Ilikuwa avute mara mbili alegezewe. Furaha ikamtia wazimu, akavuta kama anayepiga kengele ya moto.

Juu, mumewe akahesabu tatu na zaidi, akamleta taratibu lakini bila huruma, kama papa aliyenaswa.

"Mwanamume wewe, nilikuwa nimeushika mkononi."

"Umevuta tatu."

"Nimevuta kwa furaha."

"Furaha haina namba yake. Kaa, damu itulie, ndipo urudi."

Akakaa amenuna, miguu ikimcheza yenyewe. Aliporudi chini alivuta mbili tu, kwa adabu, kama yuko mbele ya mkwe. Mnyororo ukampeleka mbali na meli mpaka kwenye nanga yenyewe, ukucha umejikita kwenye ufa wa mwamba, haujaachia mpaka leo. Bata akalikumbatia lile lichuma na kutu yake. Kisha akapiga video, kuanzia kwenye ukucha mpaka kwenye meli.

Hata nguo hakubadilisha. Aliingia duka la mikate akichuruzika maji, akaweka kamera juu ya kaunta, wateja wakarefusha shingo.

"Shikamoo, mama. Nanga ile pale. Meli ile kule. Nani alikuwa mlevi?"

Mjane akatazama, akafuta kaunta iliyokuwa safi. "Ya kale hayanuki, mwanangu."

"Kwako yananukia mkate. Mama yangu ameoza nayo. Sema."

"Aliishusha."

"Sema na wa kule nyuma asikie. Uongo hukuunong'ona."

Mjane akasema tena, kwa sauti.

Wengine wangesamehe hapo hapo. Bata alichukua kamera yake akaondoka, na kesho yake akarudi nayo, maana wateja wa asubuhi walikuwa bado hawajaona.