Mpira wa Mwisho wa Fagio

Jua bado halijavuka ukuta wa uwanja, na yeye tayari ameinama, mguu wa kulia ameunyoosha pembeni, anavuta kamba kati ya vigingi viwili. Kando yake pana ndoo ya chokaa na kopo lililotobolewa matundu chini.

Kitu cha kwanza unachokiona, ukimtazama kwa muda, ni kwamba upande wa kulia anauacha mwisho. Anaanza na goli la mbali, anapiga duara la kati, anamaliza mistari mingine yote. Ndipo anaushika ule mstari mrefu wa kulia, polepole, kama mtu asiyetaka ufike mwisho.

Wanaopita hudhani ni uchungu, kwa sababu ni upande ule alikoangukia.

"Uchungu wa nini?" anasema, akiligonga kopo ili chokaa ishuke. "Wewe ulipokuwa mtoto, nyama uliianza? Kitamu kinawekwa mwisho."

Mtaani wanamwita Fagio. Alikuwa winga wa kulia wa timu ya mtaa, jezi namba saba. Alikuwa akiupokea mpira katikati ya uwanja na kuusogeza mpaka kwenye kibendera cha kona, huku nyuma yake mabeki wamekaa chini kama taka zilizofagiliwa.

Sasa ana miaka ishirini na tisa. Siku za kazi anauza misumari na rangi katika duka la mjomba wake. Siku za mechi anapiga mistari, na malipo ya mechi moja yanatosha unga wa siku tatu na mche wa sabuni. "Sabuni nakununulia wewe," hunitania, kwa sababu mimi ndiye ninayefua jezi za timu.

Jumapili ijayo jezi namba saba itapata mtu mpya. Kocha amemwomba Fagio amkabidhi yeye mwenyewe, mbele ya watu. Fagio hajakubali. Hajakataa pia. Kila akiulizwa, anasema chokaa imepungua, ngoja akanunue.

Siku aliyoumia hakuna aliyemgusa. Mguu ulibaki chini, mwili ukageuka. Beki wa timu pinzani aliinua mikono kuonyesha kwamba hakumgusa, kisha alipoliona lile goti akavua jezi yake akalifunika. Tangu nianze kuishabikia timu hii sijapata kuona uwanja umenyamaza vile. Hata fundi baiskeli, ambaye huanza kumtukana refa kabla refa hajafika, alikaa chini akashika kichwa.

Baada ya upasuaji, daktari hakumficha. "Goti hili litakupeleka sokoni na kukurudisha. Mpirani halitakupeleka tena."

"Nikamwambia, daktari, mimi sokoni huwa namtuma mama," Fagio anasimulia. Anacheka. Halafu anaongeza, "Alipotoka nikageukia ukutani."

Aliporudi nyumbani, watu walimpenda vibaya. Kila aliyekutana naye alikuwa na swali moja: "Utarudi lini?" Alijibu, "Mungu akipenda." Aliwajibu wakubwa, aliwajibu watoto, mpaka siku moja akafunga mlango. Mama yake akawa anatuambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu hataki hata kusikia filimbi."

Tulidhani ni goti. Kumbe palikuwa na jambo jingine.

Kocha hakuwa amempa mtu namba saba. Ile jezi ilikaa kwenye mfuko mmoja na nyingine zenye jasho na matope, na mwisho wa mechi ilinuka kama hizo nyingine. Kwa hiyo kila Jumatatu niliifua, nikaianika mahali pake, kati ya sita na nane. Sikufikiria kwamba dirisha la chumba chake linatazama kamba yangu ya nguo.

Miezi minane aliitazama ikichuruzika maji. Kwa mchezaji, jezi iliyofuliwa ni jezi iliyochezewa.

Jumatatu moja aliingia uani kwangu na mkongojo wake. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kamba akashika pindo la jezi.

"Dada, nani anavaa hii?"

"Hakuna."

"Kama haivaliwi, inafuliwa nini?"

Nilimweleza habari ya mfuko. Hakuniamini. Akaichomoa kwenye vibanio akainusa kwapani, kwapa hili na lile. Sabuni tu. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kwanza alicheka, halafu akalia, halafu akacheka tena.

"Miezi minane namchukia mtu ambaye hayupo," alisema. "Nimeshamjua mpaka kasoro zake. Krosi mbovu. Mchoyo. Halafu anaringa."

Jumamosi iliyofuata alikuja uwanjani akakaa na fundi baiskeli. Hata hajakaa sawasawa, akaanza kulalamika. "Huu mstari wa kona nani kaupiga? Umepinda kama mkia wa mbwa."

"Basi inuka uupige wewe," kocha akamjibu.

Ndivyo alivyopata kazi.

"Zamani mstari huu ulikuwa unaukimbia," fundi baiskeli humchokoza, "siku hizi unautambaa."

"Afadhali mimi ninayeutambaa. Wewe kazi yako kuutemea maganda."

Leo, akiwa amebakiza ule upande wake wa kulia, ananieleza anachokitaka. Anataka Jumamosi asubuhi awe anawafundisha mawinga wadogo wa mtaa, na kocha hana neno. Huyo mpya wa namba saba, Fagio amekwisha kumtazama mara nyingi. "Mbio anazo, kunishinda mimi. Lakini anakimbia kainamisha kichwa kama anatafuta sarafu. Akiinua kichwa, timu hii itakwenda mbali."

"Basi mkabidhi jezi," namwambia.

Anapiga mstari mpaka kwenye kona, anaweka kopo chini, anajifuta chokaa kwenye suruali.

"Mpira wangu wa mwisho niliupoteza," anasema. "Nilimwona namba tisa, nikataka kumpa, goti likaenda. Hata sijui mpira ulikwenda wapi. Sasa nisimame mbele ya watu nimpe mwenzangu jezi ya mtu aliyemaliza kwa kupoteza mpira? Nimwambie nini?"

Sikujua kwamba hajui. Siku zote nilidhani kuna aliyemweleza. Jibu lilikuja mpaka mdomoni, likarudi tumboni, kama yanavyorudi maneno yangu mengi. Nikasema tu, "Chokaa inakwisha." Akachukua ndoo akaenda kuongeza.

Sasa naliandika hapa, kaka, ulisome kabla ya Jumapili.

Siku ile uwanja mzima ulikuwa unatazama goti lako. Mimi nilikuwa nyuma ya goli na mfuko wa jezi, goti sikuliona. Niliona mpira. Ulikutoka mguuni kabla hujaanguka. Ukapita katikati ya mabeki wawili ukamfikia namba tisa. Akautuliza, mbele yake kipa peke yake, na hapo filimbi ikalia kwa ajili yako. Akauokota kwa mikono, akaja nao mpaka ulipolala. Ulikuwa umefumba macho. Yeye alihamia mji mwingine hata hujatoka hospitali, na wengine wote walikuwa na goti tu la kuzungumza.

Hukuupoteza. Ulifika.