Kombe la Maji ya Kwanza

Habari ya msiba ilinifikia hapa mjini Baraka kwa dereva wa kamio, lori la mizigo, aliyeshuka na mihogo kutoka Fizi: mkunga wetu wa mlimani amefariki. Chai yangu ilipoa mezani. Wanangu wote walipokelewa na mikono ile, na nilimpenda kuliko baadhi ya shangazi zangu, ambao najua wanaisoma safu hii, wanisamehe.

Kwa asiyewajua watu wa kule juu, nieleze kidogo. Mtoto akizaliwa hunyweshwa maji yake ya kwanza kwa kombe la konokono wa milima ile, wa rangi ya chai, ambaye kombe lake limejisokota kuelekea kushoto. Haishi kwingine ila kwenye majani yanayooza chini ya miti mikubwa, penye ukungu. Zamani makombe matupu yaliokotwa tu njiani. Siku hizi miti inakatwa, mashamba yanazidi kupanda mlima, jua linafika chini na konokono wanakauka. Makombe yalipoadimika, watu wakaanza kuwachemsha walio hai.

Miaka kadhaa iliyopita binti wa mkunga alijifungua mtoto wa kike. Kombe la nyumbani lilikuwa limepasuka, basi mama wa mume akaja na konokono mzima ndani ya jani la mgomba, na maji yakawekwa motoni. Mimi nilikuwepo kutoa pongezi, na kusema kweli nilitaka wamalize haraka tule. Mkunga akamchukua yule konokono.

"Huyu iko muzima," alisema. "Kazi yangu ni kuzalisha. Kuua mu nyumba ya muzazi, mi nakataa."

"Mukwe, bila kombe mutoto atachelewa kutembea! Unataka batu batucheke?" akafoka mama wa mume.

"Bacheke. Nitamunywesha na mukono yangu."

Akamnywesha mjukuu wake kwa kiganja, kisha akapanda mwenyewe hadi msituni kumrudisha konokono, na magoti yake yalikuwa mabovu tayari. Wakwe waliondoka bila kula. Maneno yakashuka mpaka Mboko na Nundu kwamba mkunga kaacha mila, na akina mama wengi hawakumwita tena. Akalima maharage yake kimya. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu kazi ile ndiyo iliyokuwa heshima yake. Nilipomuuliza kama anajuta, alinijibu, "Tukichemusha bote, batoto ba huyu mutoto tutabanywesha na nini?"

Tumemzika juzi, karibu na miti iliyobaki. Kwake nimejifunza kwamba mtu anaweza kuipenda mila hata akaivunja siku moja, ili wajukuu waikute. Njia ya kaburini ni kali na sote tulihema, mama wa mume kuliko wote. Akakaa kwenye jiwe. Mjukuu wao, yule aliyenyweshwa kwa kiganja, alikuwa ametutangulia mbali. Akarudi mbio, akamshika mkono, akamvuta.

"Bibi, simama. Tembea basi!"