Marahaba ya Mama Damian

Sifichi: mimi Mama Vaileth nilikwenda kwenye shamba la jirani yangu nimenuna. Hapa kwetu Ushirombo, ukialika kikundi kije kukulimia, unapika pombe. Scolastika, Mama Damian, akatangaza kwamba atapika togwa. Togwa! Watu wazima tushike jembe tangu alfajiri kwa ajili ya uji mtamu?

"Kwangu pombe haiingii," alisema. "Bora shamba liote majani kuliko mwanangu arudi kule alikotoka."

Alikotoka tunakujua. Damian alikwenda machimboni Geita akiwa kijana mtanashati. Akaanza kunywa gongo ili apate moyo wa kushuka shimoni, mwisho akawa hashuki tena, anakunywa tu. Mama yake alimfuata mwenyewe, akampandisha basi kama mzigo. Tangu siku hiyo, kila Damian akirudi nyumbani, hata akitoka kisimani, huinamisha uso mbele ya mama yake na kusema, "Shikamoo, mayu," yaani mama. Mama hunusa pumzi yake kwanza, ndipo huitika marahaba. Tukambandika jina la Mama Pua, naye hucheka.

Sasa kuna desturi. Kinywaji cha wageni lazima kionjwe kwanza na mwanamume wa nyumba, watu waone hakina sumu. Baba Damian ni marehemu. Kwa hiyo pombe ingepikwa, wa kwanza kuinywa angekuwa Damian, tena mbele yetu sote. Nilipolielewa hilo, jembe likawa jepesi kidogo.

Mchana Damian akachota kata ya togwa, akaonja, akakunja uso. "Jamani, mama ametia kimea kama anapikia nyuki!" Tukacheka hadi Fredy, anayetupigia ngoma tukilima, akaangusha fimbo. Togwa ikaisha yote, na mimi niliyenuna ndiye niliyekwangua chungu.

Jioni ngoma zilimlemea Fredy, Damian akajitolea kumsaidia kuzibeba. Kufika kwa Fredy ni lazima upite kilabu cha pombe, na njia ni hiyo hiyo moja. Mama Damian akafungua mdomo, akaufunga. Wakaondoka.

Tukabaki tunaosha vyombo. Sufuria moja Mama Damian aliisugua, akaisuuza, akaanza kuisugua upya, midomo yake ikinong'ona Salamu Maria. Nilimwonea huruma kweli.

Jua linazama, Damian akatokea njiani, mikono mitupu, mwendo umenyooka. Akaja moja kwa moja hadi alipochutama mama yake, akainamisha uso kama kawaida.

"Shikamoo, ma..."

"Marahaba, mwanangu," mama akaitika upesi, macho na pua vikiwa bado kwenye sufuria. "Kanawe, ugali unapoa."

Damian akabaki ameinama vile vile, hajui aupeleke wapi uso wake.