Sahani moja ya muhogo

Leo nimewalisha watoto wawili sahani moja, na mpaka sasa moyo haujatulia.

Fatuma wangu ana sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kuzaliwa nao unaojaza mapafu makohozi mazito.

Kliniki mjini Arua tukakuta msichana kutoka mtaa wa Awindiri mwenye ugonjwa huohuo. Sikuwahi kumwona mwingine.

Nilifurahi jamani. Nikatandika kitenge, nikawapakulia muhogo niliobeba kutoka kwetu Koboko.

Nesi akaja mbio.

"Mama, hawa hapana kaa pamoja hata siku moja. Bakteria iko kwa mapafu ya huyu itaingia kwa huyo."

Mama mwenzangu akamvuta binti yake. Hatukuweza kutazamana.

Sasa Fatuma anauliza rafiki yake atakuja lini kwetu.

Ndiye mtoto pekee anayekohoa kama yeye.

Nimwambieje?