Niliitikia Amin

Juzi, kwenye ngazi za ghorofa moja Mchafukoge, nilimkuta binti amekaa, simu mkononi, anakariri maneno magumu ya Kiingereza huku anayumbayumba. Nikarudi utotoni, nyumbani kwetu Kariakoo.

Mchana ule ua wetu ulinukia maandazi na sabuni ya kufulia, na nje kipaza sauti cha muuza nguo hakikunyamaza. Mama mdogo alikuwa na mtihani wa kuingia chuo kesho yake. Alikaa mkekani, macho kafumba, akitamka maneno marefu nisiyoyajua, mwili ukienda mbele na nyuma kama tulivyosoma madrasa. Mimi nilijua ni dua. Nikavuta kanga ya bibi, nikajifunika kichwa, nikainua mikono. Kila alipotua nikaitikia, “Amin.”

Akafumbua jicho moja. “Unaitikia nini, mwanangu?”

“Dua yako, mama mdogo.”

Alicheka mpaka akajilaza mkekani. Kisha akaketi vizuri, akafumba macho tena. “Basi usiache. Maneno bado mengi.”

Chuo alikipata. Na juzi pale ngazini, yule binti alipotua kuvuta pumzi, mdomo wangu uliitikia kabla sijauzuia.